Hasi na Halasi

Kutoka nyumba ya Bi Mwanarusi pale Kibokoni hadi duka la Zein karibu na Ngome ya Yesu, mtu mwenye miguu mizima na haraka ya kawaida hamalizi hata andazi moja njiani. Kingi alitumia saa nzima. Hakuwa kilema wala mvivu. Alikuwa akisalimia.

Na si zile salamu za kutupiana mtu akipita, kama maganda ya machungwa. Kingi alisalimia kwa utaratibu wa Mombasa, kisha akauongezea wake. Sabalkheri, umeamkaje, nyumbani hawajambo, mama hajambo, lile jino je, na yule paka aliyezalia kabatini, wanawe wameshafungua macho? Muda wote huo mkono wako ameushika kwa mikono yake miwili, anakutazama usoni kana kwamba umerudi jana kutoka Maka. Ukitaka mkono wako urudi, ilibidi uudai.

"Kingi, mkono."

"Ah! Samahani. Na shemeji yako wa Lamu je?"

Alizaliwa hivyo. Daktari aliwaeleza wazazi wake, kule Kaloleni, kwamba kijipande kidogo cha kromosomu ya saba, kisichoonekana hata kwa miwani ya Bi Mwanarusi, kilikosekana tangu mtoto yuko tumboni. Wenye hali hiyo ni wachache duniani, nayo inaitwa sindromu ya Williams. Huyo Williams mwenyewe, Kingi angempata, angemuulizia watoto. Mshipa mkubwa wa moyo wake ulikuwa mwembamba kuliko unavyotakiwa, kwa hivyo kliniki ya moyo aliijua kama nyumbani. Hesabu ilimkataa shuleni, naye hakuibembeleza. Kamba za viatu mpaka leo hufungiwa. Lakini masikio! Tuktuk ikiwa bado iko Makadara, Kingi ameshakwambia ni ya nani na kwamba inataka oili.

"Kile kipande kilichokosekana," dada yake Everlyne alipenda kusema, "ndicho cha kuwaogopa wageni."

Kweli, wageni hakuwaogopa. Aliogopa vingine vyote: radi, maputo, honi za malori, sindano, na feni ya dari, ambayo aliamini ina kinyongo naye. Aliishi na hofu zake kama unavyoishi na wapangaji wenye kelele. Maadamu salamu zilikuwa nyingi kuliko hofu, nyumba ilikalika. Zein, aliyeuza vinyago na shanga kwa watalii, alimwajiri kwa kazi moja tu, kusimama mlangoni. Mtalii aliyesalimiwa na Kingi hakuweza kuondoka bila kununua walau kijiko cha mti. Aliona haya. Kanisani nako, Jumapili, ikifika pale pa kutakiana amani, padri alijifunza kukaa kitini na kungoja, maana Kingi alizunguka benchi baada ya benchi, na wa benchi la nyuma walikuwa na wagonjwa wengi wa kuulizwa.

Ndipo ikaja korona, ikampokonya mikono.

Msishikane mikono, wakaambiwa. Kingi akajaribu kiwiko, akamgonga Zein mbavu. Akajaribu mguu, akamkanyaga padri. Zikaja barakoa, Bi Mwanarusi akaigeuzageuza yake kwenye taa.

"Barakoa naijua mie," akasema. "Akivaa nyanyangu zamani, ya hariri, ina nyuzi za dhahabu. Hii yenu mbona ni sidiria ya paka?"

Kingi alicheka mpaka akaketi chini. Lakini kila alasiri redio ilisoma takwimu. Tarakimu hazikumwingia Kingi, ila sauti ya msomaji ilimwingia, ikakaa kifuani kama mgeni asiyejua kuaga. Watalii wakatoweka, Zein akafunga duka. Kingi akaanza kunawa mikono mpaka ngozi ikaambuka. Halafu, mwezi wa Mei mwaka ule wa elfu mbili na ishirini, Mji wa Kale ukafungwa, asitoke mtu wala asiingie. Everlyne, ambaye ni karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, akabaki upande wa pili, kwa rafiki yake Terry huko Tudor, na Kingi akabaki mikononi mwa Bi Mwanarusi, mwenye nyumba wa chini.

"Nitakupigia kila siku," Everlyne alimwambia kwa simu ya Bi Mwanarusi.

"Na korona hupigi?"

"Kingi, korona haina simu."

"Basi umeshinda."

Wakati huo alikuwa bado anatania.

Wakaja watu wa afya na hema lao jeupe, wakapima. Nesi aliyempima Kingi aliitwa Nekesa, mtu wa Bungoma, amevaa nguo nyeupe toka utosini hadi kidole cha mguu kama mtu anayekwenda mwezini. Alimtia kijiti puani, kikaingia, kikaingia, mpaka Kingi akahisi kinabisha hodi kwenye ubongo. Alikivumilia kwa sababu Nekesa alikuwa amemjibu salamu zote, hata ile ya ng'ombe wa babake.

Siku ya majibu ndipo mambo yalipoharibika. Watu walikuwa wengi hemani, jenereta linanguruma, na wakati ule ule Nekesa anainua macho kumwona Kingi, ambulensi ikapita na king'ora chake. Kwa masikio yale, king'ora ni msumeno. Kingi akayaziba kwa viganja vyote viwili. Nekesa, nyuma ya barakoa mbili na kioo cha usoni, akapaza sauti:

"Hasi, Kingi! Hasi! Nenda nyumbani!"

Kingi akasikia, "Halasi, Kingi! Halasi! Nenda nyumbani!"

Sasa, halasi ni neno la Kiarabu ambalo Mji wa Kale hulitumia bila ushuru. Chai ikiisha birikani, halasi. Ugomvi ukikatwa, halasi. Na mtu naye akiwa wa kuagwa, yuko kufani, huenda ikasemwa hivyo hivyo. Kingi akatazama kama nesi anatania. Huwezi kujua mtu anatania kama umemwona macho tu. Akashukuru, kwa sababu amelelewa, akaenda nyumbani kufa.

Hakumdanganya mtu. Everlyne alipopiga na kuuliza, "Wamesemaje?" akajibu, "Wamesema niende nyumbani." Bi Mwanarusi alipouliza kama majibu yametoka, akasema yametoka. Wote wakashusha pumzi.

Kufa peke yake hakukumtisha sana. Kilichomtisha ni mikono yake. Alikumbuka kila mtu aliyewahi kumsogelea: Zein, Bi Mwanarusi, muuza kahawa, mtoto wa jirani aliyempa kashata. Ikiwa yeye ni halasi, basi kila atakayemsalimia atakuwa halasi. Njia ilikuwa moja tu. Akapanda chumbani kwao, juu kabisa, akafunga mlango, na akaacha kusalimia.

Bi Mwanarusi alimwekea mahamri na mbaazi ngazini. Kingi alingoja mpaka ndara zake zifike chini ndipo afungue. Usiku hakulala, mchana hakulala. Moyo ulimdunda, naye akausikiliza kwa masikio yale yale yanayojua tuktuk za watu, akasema, enhe, huu nao unataka oili. Akaamua redio iende kwa Zein na mto wake mzuri uende kwa Everlyne. Feni ya dari hakumwachia mtu, asije akaonekana amemkomoa.

Lakini gumu kuliko yote lilikuwa dirisha. Uchochoro ule ni mwembamba, na watu wa Kibokoni hawajui kupita kimya.

"Kingi! Sabalkheri!"

Akajiziba mdomo.

"Kingi, masalkheri! Mbona hivyo?"

Akauma shuka. Kutojibu salamu Mombasa si jambo dogo. Watu wamekosana kwa chini ya hapo. Zein alipita na mfuko wa vitunguu akasalimia, akapita tena anakohoa akasalimia, akapita mara nyingine amevaa kikoi kipya, akasimama kabisa chini ya dirisha, akasalimia kwa sauti ya adhana. Akaenda kwa Bi Mwanarusi amenuna.

"Nimemkosea nini huyu? Hata ombi la mkopo wa benki hujibiwa."

"Hakukukosea, wala hukumkosea," akasema Bi Mwanarusi. "Hataki kutoka nde ya mlango, hataki nimtie matoni, nimuone hata uso. Mahamri anakula nusu. Kingi kula nusu! Huyu mwana ana jambo."

Akampigia Everlyne. Everlyne, kule Tudor, akalia kidogo kwenye kanga ya Terry, akajipangusa, akampigia Daktari Jacinta, ambaye hutibu maradhi ya akili na ambaye Kingi alishawahi kumwona, enzi za hofu ya maputo.

"Daktari wa akili?" Bi Mwanarusi akashtuka. "Kingi si mwenda wazimu."

"Wala mimi si mchawi, mama," sauti ya daktari ikasema simuni, maana Everlyne alikuwa ameshawaunganisha watatu. "Nataka tu kuzungumza naye. Wenye hali kama yake hofu huwaingia upesi, na mwaka huu hofu imejaa hata hewani. Inaweza kumzidi. Utanifikishia simu?"

Kule juu kila dirisha lina kikapu chake cha kamba, cha kuvutia mboga. Bi Mwanarusi akatia simu kikapuni, akaifunika na hamri moja ili imshawishi, akaita, "Kingi, vuta!" Kingi akavuta. Akaliinua hamri, na chini yake akaona simu inamtazama.

"Hujambo, Kingi?" ikasema simu.

Kingi akaruka nyuma. Akazunguka chumba. Akarudi, akainama kwa mbali, kinywa kikiwa kimezibwa kwa shati.

"Daktari, korona hupita kwa simu?"

"Haipiti."

"Hata ukiweka sauti kubwa?"

"Hata ukipiga kelele."

Ilikuwa kama bomba lililopasuka. Hujambo daktari? Mume hajambo? Yule binti aliyekuwa akikataa uji, amekubali? Na goti? Bi Mwanarusi chini akayasikia maswali yanamiminika kutoka dirishani, akakaa kwenye baraza, machozi yanamtoka anacheka. Everlyne simuni alikuwa akiyasikiliza yote, akiogopa kuyakatiza. Daktari Jacinta alijibu moja moja, binti, uji na goti, mpaka Kingi akaishiwa, na katika kuishiwa huko ndipo akasema, polepole:

"Nafurahi nimekuaga. Maana mimi ni halasi."

"Nani kakwambia?"

"Nesi Nekesa. Pale hemani. Aliniambia mara mbili."

Bi Mwanarusi alikuwa ameshasimama. Alichukua ufagio wake mrefu, akajifunga ile sidiria ya paka usoni, akatoka. Hema lilikuwa karibu. Sasa hebu fikiria waliyoyaona watu wa foleni: mwanamke wa miaka yake, buibui linapepea, anamchunga nesi kwa ufagio kama anayechunga mbuzi, huku nesi na ufagio wote wakitunza umbali ule ule uliotangazwa na serikali.

"Mwambie mwenyewe," akaamuru walipofika chini ya dirisha. "Mwambie ulivyomwambia."

Nekesa akainua uso. "Kingi! Sikusema halasi! Nilikuambia hasi!"

Bi Mwanarusi akaangusha ufagio.

"Mwamhasi? Mwamhasi mwana wa watu? Kwani yeye beberu?"

"Mama, si kuhasi kwa..."

"Na dadake yuwajua?"

"Ninajua nini?" ikalia simu dirishani. "Nani amehasiwa? Kingi! Nani amekugusa?"

Zein, ambaye hakuwahi kuukosa mkusanyiko, alikuwa ametokea pembeni. "Kumbe ndiyo dawa yake?" akasema, akashika kikoi chake kipya kwa mikono miwili. Wazee wawili waliokuwa barazani ng'ambo waliinuka bila kuagana, wakaingia ndani, na makomeo yakasikika.

"HASI!" Nekesa akapiga kelele, kioo cha uso kikimezwa na mvuke. "Hasi ni kwamba ugonjwa haupo! Angekuwa nao ningesema chanya!"

"Chanya?" akauliza Zein. "Kama kuchanja kuni?"

"Hana! Hana korona! Kingi, huna!"

Bi Mwanarusi akaokota ufagio wake taratibu.

"Kama hana, mwanangu," akasema, "si ungesema hana?"

Nekesa akasema kwamba ndivyo walivyofundishwa, na kwamba, kwa kweli, kwao Bungoma pia hasi ni ya fahali.

Juu dirishani kikatokea kichwa cha Kingi, nywele zimesimama, macho mekundu.

"Sina?"

"Huna!"

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo!"

Akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyesikia mzaha mkubwa kuliko wote na akagundua kwamba yeye ndiye mzaha wenyewe. Kikamshika Zein, kikamshika Bi Mwanarusi, kikapita kwenye simu mpaka Tudor. Hata yale makomeo ya ng'ambo yakafunguliwa kidogo.

"Shuka sasa!" akaita Zein. "Shuka tukuone!"

Kingi akauendea mlango. Akaufungua. Akaona ngazi, giza lake na harufu yake ya mbaazi, akaweka mguu wa kwanza, na moyo ukamdunda vile vile kama jana. Akarudi ndani. Akaketi kitandani karibu na simu.

"Daktari," akanong'ona, "nimeambiwa sina. Mbona bado naogopa?"

"Kwa sababu hofu haikuanzia kwa Nekesa," akasema Daktari Jacinta. "Ilikuwepo mlangoni siku nyingi. Lile neno liliifungulia tu. Tutaitoa, lakini itatoka kwa mwendo wake, ina mizigo."

"Mimi ni wazimu?"

"Wewe unaogopa, na umechoka. Hayo yana dawa."

Simu ile Kingi aliiosha vizuri kwa sabuni kabla ya kuirudisha kikapuni, kwa heshima, na haijapona mpaka leo. Bi Mwanarusi akanunua nyingine, akaifunga kwenye plastiki.

Dawa zikaanza. Kulikuwa na kidonge kidogo cha asubuhi, baada ya Daktari Jacinta kushauriana na daktari wa moyo. Redio ikahamia kwa Bi Mwanarusi, ambaye alisikiliza taarab badala ya takwimu. Na kulikuwa na ngazi. Kila asubuhi Bi Mwanarusi aliketi chini na buli la kahawa, na Kingi alishuka mpaka pale moyo ulipoanza kelele, akaketi hapo hapo, akapumua kama alivyoelekezwa, polepole, kama mtu anayepoza uji. Siku moja alifika pale ukuta ulipomenyeka. Siku nyingine alifika kwenye kidirisha cha njiwa. Siku moja alirudi juu bila kushuka hata kidogo, akalia, na Bi Mwanarusi akamwambia kahawa haichachi, kesho ipo.

Everlyne alipiga kila siku. "Leo umefika wapi?"

"Kwenye msumari."

"Msumari upi?"

"Ule uliokuchania gauni la Krismasi."

"Huo! Uusalimie."

Mji wa Kale ulipofunguliwa, Everlyne aliingia uchochoroni na mkoba wake, na la kwanza aliloliona ni umati mdogo mbele ya nyumba, barakoa zimevaliwa, kila mtu na umbali wake. Zein alikuwa mbele, mikono kifuani, bado amenuna, maana Zein alikuwa na hasi na halasi yake rohoni, ya salamu zisizojibiwa, na hakuna aliyeifafanua. Na mlangoni kabisa, amesimama juu ya kizingiti, viatu vimefungwa na Bi Mwanarusi, alikuwepo Kingi.

Viganja vyake vilifunguka vikajifunga, havijui pa kwenda. Kisha akaviweka vyote viwili kifuani, hapo juu ya ule mshipa mwembamba, akainamisha kichwa.

"Zein," akasema. "Ile ya mfuko wa vitunguu, masalkheri. Ile uliyokuwa ukikohoa, masalkheri na pole, niliogopa nimekuua. Ile ya kikoi kipya, sabalkheri, kimekupendeza, ila kinaonyesha tumbo."

Zein akalitazama tumbo lake. Mkunjo wa uso ukamtoka.

"Umezikumbuka?"

"Nilizisikia zote."

Akawageukia wengine. Muuza kahawa alirudishiwa zake, pamoja na ile aliyoisema akiwa amebeba jiko na hakufikiri imesikika. Wazee wa ng'ambo walirudishiwa zao. Yule mtoto wa kashata alirudishiwa moja, akadai mbili, akapewa. Kila salamu iliyokuwa imepita chini ya lile dirisha na kukosa jibu ilirudi kwa mwenyewe, na hali yake, na siku yake, na nguo aliyokuwa amevaa. Mikono haikushikwa hata mmoja. Everlyne alisimama na mkoba wake akangoja zamu yake kama wenzake, akijua kwamba akiruka foleni Kingi atachanganyikiwa na ataanza upya.

Asubuhi ya pili walikwenda hemani pamoja, yeye na dada yake, maana Everlyne naye alitakiwa kupimwa. Kingi alisimama njiani mara kadhaa, akapumua, akaendelea. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yake Nekesa alikuwa akitoa majibu kwa sauti kavu iliyokwisha kujifunza.

"Huna. Nenda. Huna. Nenda. Wewe mama, unao kidogo, lakini utapona, njoo huku tuzungumze. Huna."

Akainua macho, akaona viganja viwili vimewekwa kifuani.

"Nesi Nekesa, hujambo?"

"Sijambo, Kingi." Kioo chake kikaingia mvuke pembeni, kwa kutabasamu. "Nakuomba tu, nina watu mpaka barabarani."

"Nitafupisha," akasema Kingi. "Mama hajambo? Na baba? Na ng'ombe wake?"

Hakufupisha.